Matundu 13: Kisa cha Jibbitz na watu wazima waliorudia vipambo vya utotoni

Mwaka 2005, mjini Boulder katika jimbo la Colorado, Marekani, mama wa watoto watatu aitwaye Sheri Schmelzer aliketi na rundo la viatu vya familia yake vya Crocs, vile vya povu laini vyenye matundu juu. Karibu kila mtu nyumbani alikuwa akivivaa. Akachukua maua ya kitambaa, vijiwe vya kumetameta na makorokoro mengine ya kazi za mikono, akaanza kuyachomeka kwenye matundu ya viatu. Watoto wakapenda palepale. Mumewe, Rich, ambaye alikuwa mtu wa biashara, alipoviona aliona bidhaa. Jina nalo lilitoka humo humo ndani: Jibbitz, kutokana na jina la utani alilozoea kumwita mkewe. Kazi ikaanzia kwenye chumba cha chini cha nyumba yao. Baadaye binti yao, akiwa bwawani na viatu vyake vilivyopambwa, akakutana na mmoja wa waanzilishi wa Crocs, na mazungumzo yakaanzia hapo. Oktoba 2006 Crocs ilitangaza kuinunua Jibbitz kwa dola milioni 10, na hadi milioni 10 nyingine endapo ingefikia malengo ya mapato waliyokubaliana.

Wengi wanaosimulia kisa hiki huishia hapo, maana kinanoga kama habari ya mama aliyetajirika kwa wazo la mezani. Kwangu mimi utamu wake unaanza baadaye sana. Vipambo vile vilitengenezwa kwa ajili ya watoto. Leo vinavaliwa na wauguzi, wanachuo, wanamuziki na watu wa makamo ambao hawana mtoto hata mmoja nyumbani, na hawavivai kwa kujificha. Tumeshuhudia mitindo mingi ya kuchezacheza ikija kwa kishindo na kuondoka msimu uleule: hereni kubwa za plastiki zenye umbo la tunda, bangili za rangi za peremende, mikoba yenye sura ya katuni. Hiki kimedumu miaka 20, kikazama, kikaibuka, na kilipoibuka kilikuwa na nguvu kuliko mwanzo. Kwa nini?

Jibu la haraka ni rangi na wahusika wa katuni. Nimelisikia mara nyingi, na naliona halifiki. Rangi zimejaa kila mahali, na katuni zinachapishwa kwenye kila kitu, kuanzia soksi hadi shuka. Naamini siri iko kwenye tundu, yaani nafasi tupu ambayo mvaaji ameachiwa aijaze mwenyewe. Pambo linaloamsha utoto wa mtu kwa muda mrefu ni lile linalomrudishia kitendo cha utotoni: kuchagua, kuchomeka, kuchomoa, kubadilishana na mwenzako. Picha ya utoto peke yake huchosha mapema.

Kiatu ambacho hakikukusudia kupambwa

Crocs ilianzishwa mwaka 2002 na marafiki watatu, Scott Seamans, Lyndon "Duke" Hanson na George Boedecker. Kiatu cha kwanza kilikuwa cha watu wa mashua. Walikipeleka kwenye maonyesho ya mashua ya Fort Lauderdale, Florida, wakiwa na jozi 200, na zote zikaisha. Kimetengenezwa kwa resini ya povu lenye vijishimo vilivyofungwa, waliyoiita Croslite: nyepesi, haifyonzi maji, haitelezi kirahisi. Matundu ya juu yalikuwa na kazi yake: kuingiza hewa na kutoa maji. Kwenye kile kiatu maarufu chenye umbo la bakuli yapo 13, hivyo jozi moja ina 26. Hakuna aliyeyatoboa akiwaza ua la plastiki.

Jambo hilo lina uzito kuliko linavyoonekana. Bidhaa nyingi za kuchezacheza huja zikiwa zimeshachezewa na mbunifu: ameshachagua rangi, ameshaweka macho, ameshaning'iniza manyoya, na mnunuzi kabaki mtazamaji wa mchezo wa mtu mwingine. Kiatu hiki kilikuja na nafasi ambazo hazikuwa na neno la kusema, na kwa kuwa hazikukusudiwa, zilikuwa huru kweli. Mtoto akiona tundu, kidole kinaingia. Mama wa Boulder alifanya kile ambacho kila mtoto angefanya, ila yeye alikuwa na uwezo wa kukimalizia.

Umbo la kiatu nalo lilisaidia. Ni kipana mbele, cha duara, hakina kona wala kisigino cha kujivuna, na kinapatikana katika rangi moja nzito kutoka juu hadi chini, kama ambavyo mtoto angekichora kiatu kwa penseli moja ya rangi. Watu wa mitindo walikiita kibaya tangu siku ya kwanza. Lakini ukiwa tayari unavaa kitu ambacho watu wanakiona kichekesho, kuongeza kaa mwekundu juu yake hakukupunguzii heshima. Viatu vya ngozi vilivyong'arishwa visingeweza kuibeba Jibbitz hata kama vingekuwa na matundu 100.

Kipambo chenyewe, kwa karibu

Kichukue kimoja mkononi. Juu kuna kichwa bapa cha plastiki laini ya PVC, kina picha ya kuinuka kidogo ambayo ukiipitishia kidole unasikia mipaka ya rangi. Chini yake kuna shingo fupi, na mwisho wake kitako cha mviringo, kipana kuliko tundu la kiatu. Hakiingii kwa kukisukuma wima. Unakilaza upande, unaingiza ukingo mmoja wa kitako, kisha unabonyeza kwa dole gumba. Povu linatanuka kidogo, kitako kinapita, na kinajifunga kwa ndani. Ukiingiza mkono kwenye kiatu unakikuta kimelala bapa, hakikwaruzi mguu. Kukitoa unakisukuma kutoka ndani huku ukikivuta nje. Hakuna gundi, sindano wala fundi, na tundu linabaki kama lilivyokuwa.

Hapo pana mambo mawili ninayoyathamini sana. La kwanza ni kwamba uamuzi unafutika. Mtu mzima anayependa rangi mara nyingi haogopi rangi yenyewe, anaogopa kukwama nayo: aende kikaoni na kitu ambacho jana kilimfurahisha. Kipambo kinachotoka kwa sekunde tatu kinamwondolea hofu hiyo, na mtu asiye na hofu huthubutu zaidi. La pili ni kwamba nafasi zina kikomo. Matundu 13 yanakulazimisha uchague. Ukiwa na vipambo 40 kwenye kopo, ni lazima 14 au zaidi vibaki nje, na kule kuamua kipi leo kinakaa na kipi kinasubiri ndiko kunakofanya mtu achuchumae sakafuni dakika kumi kabla ya kutoka. Ungempa turubai lisilo na mwisho angechoka mapema.

Kipambo kimoja pia hugharimu kidogo ukilinganisha na kiatu. Mtu anaweza kubadilika bila kununua upya, na zawadi ya kipambo kimoja inaweza kutolewa na mtoto kwa mtoto mwenzake kwa hela zake mwenyewe.

Ndugu zake waliotangulia

Jibbitz haikutokea hewani. Mwaka 1938 mbunifu wa mitindo Elsa Schiaparelli alionyesha Paris mkusanyo wake wa sarakasi, na kwenye koti za kifahari akaweka vifungo vyenye umbo la wanasarakasi wakiruka. Vifungo hivyo bado vinapendeza, ila vilishonwa palipopangwa na mbunifu, navyo vilibaki pale. Katika miaka ya 1930 hiyohiyo, mwigizaji wa Marekani Martha Sleeper alibuni mapambo ya kuchekesha ya Bakelite, ile plastiki ngumu ambayo Leo Baekeland aliivumbua mwaka 1907. Bakelite ilifaa kwa enzi ya mdororo wa uchumi: ilikuwa na bei nafuu kuliko madini, ilichongeka, na ilishika rangi nzito za njano, nyekundu na kijani. Watu waliokuwa na kidogo walivaa furaha kwenye kola zao. Sioni ajabu kwamba mapambo ya aina hii hushamiri nyakati ngumu, na nitalirudia hilo hapo chini.

Ndugu wa karibu zaidi ni wa miaka ya 1980. Waliokuwa wadogo wakati huo Marekani na Ulaya wanaikumbuka mikufu ya plastiki yenye minyororo mipana, iliyoning'inizwa vidude vidogo: baiskeli, kitambaa cha rangi, chupa ya maziwa, raketi. Kila kimoja kilikuwa na kishikizo cha plastiki na mara nyingi kikengele kidogo, hivyo mtoto akitembea alisikika. Kulikuwa pia na pini za kawaida za nguo zilizotungwa shanga na kuchomekwa kwenye kamba za viatu. Ulimpa rafiki yako, naye akakupa yake, na viatu vya mtu vikawa orodha ya marafiki wake. Mikufu ile ya kengele inaoana na Jibbitz karibu neno kwa neno: msingi mmoja usiobadilika, vipande vingi vinavyohama, na ulazima wa kuzungumza na mwenzako ili upate usichokuwa nacho. Wauzaji wa vitu vya zamani wanajua kwamba watu wazima wanaoitafuta leo huitafuta ili waining'inize upya. Mara chache wanaitaka ya kuwekwa kwenye fremu.

Miaka ya kuzama

Hapa kisa kinakuwa na mkunjo ambao wasimulizi wengi huuruka. Crocs ilikuwa imeingia soko la hisa Februari 2006, na kufikia mwisho wa mwaka 2007 mauzo yake yalikuwa karibu dola milioni 847. Hisa moja iliwahi kupita dola 70. Mwaka mmoja baadaye ilikuwa karibu dola moja, na mwaka 2008 kampuni ikapata hasara ya zaidi ya dola milioni 185. Walikuwa wametengeneza viatu vingi kupita kiasi wakati uchumi unaporomoka, na maduka yalijaa bidhaa ambazo hazitoki. Mwaka 2010 jarida la Time likakiweka kiatu hicho kwenye orodha ya uvumbuzi 50 mbaya kabisa.

Jibbitz ilikuwapo muda wote huo, na haikuiokoa kampuni. Ni lazima tulikubali hili kama tunataka kuelewa vipambo vya utotoni vinafanyaje kazi. Mwaka 2008 vilikuwa bidhaa ya watoto tu. Mtoto wa miaka saba hana utoto wa kuukumbuka. Yumo ndani yake. Mzazi aliyemnunulia naye hakuwa na kumbukumbu ya kiatu kilichozaliwa juzi. Kilichokuwapo ni furaha ya mtoto, na furaha ya mtoto huhama haraka: mwaka ujao ni kibandiko kingine, mwaka wa pili ni bangili za mipira.

Sasa piga hesabu. Mtoto aliyekuwa na miaka 7 mwaka 2006 alifikisha 21 mwaka 2020. Hapo ndipo kundi la kwanza la watoto waliochomeka vipambo kwenye matundu yale lilipopata mshahara wa kwanza, au angalau pesa ya kununua viatu bila kumwomba mtu. Hawakuhitaji kufundishwa namna ya kukilaza kitako upande. Vidole vyao vilijua.

Kurudi

Njia ya kurudi ilipitia mahali ambapo hakuna aliyetarajia. Septemba 2016, kwenye wiki ya mitindo ya London, mbunifu Christopher Kane aliwapandisha wanamitindo jukwaani wakiwa na Crocs za rangi zilizochanganyika, na juu ya matundu kukiwa na mawe asilia yasiyochongwa. Oktoba 2017, mjini Paris, nyumba ya mitindo ya Balenciaga, chini ya mbunifu Demna Gvasalia, ikaleta Crocs yenye soli ya sentimita 10, ikiwa imejaa vipambo. Ziliuzwa dola 850, na oda za mwanzo zilikwisha kabla hazijafika madukani.

Nakubali kwamba nyumba hizi za mitindo zilikipa kiatu kibali. Baada ya Paris, mtu mzima aliyekuwa akiona aibu alipata la kujibu. Lakini ukiitazama ile ya Balenciaga kwa macho ya uchambuzi huu, ina upungufu mkubwa: imeshajazwa. Mbunifu amekuchezea mchezo, akakuuzia matokeo. Sijawahi kuona mtu akizungumza kwa mapenzi kuhusu namna alivyoipanga upya jozi ya aina hiyo. Mapenzi yanayodumu yamekwenda kwa ile ya kawaida, ya rangi moja, tupu.

Ndani ya kampuni nako kulikuwa na mabadiliko. Andrew Rees, aliyeingia mwaka 2014 na kuwa mkurugenzi mtendaji mwaka 2017, aliachana na utitiri wa mitindo mingine na kuirudisha akili ya kampuni kwenye kiatu chenyewe cha matundu. Mwaka huohuo wa 2017 walianza kampeni ya kuwaalika watu waje walivyo. Kuanzia 2018 wakashirikiana na wanamuziki: Post Malone kwanza, kisha Bad Bunny na Justin Bieber mwaka 2020. Kinachonivutia kwenye ushirikiano huo ni kwamba jina la msanii liliingia kupitia matundu. Jozi ya Bad Bunny ilikuwa nyeupe, na vipambo vyake viling'aa gizani. Ya Bieber ilikuwa ya njano na vipambo vyake. Ukivichomoa, unabaki na kiatu chako na unaweza kukipanga utakavyo. Msanii amekuja kama mgeni na ameacha kiti kitupu.

Halafu likaja janga la 2020. Watu walikaa nyumbani, viatu vya kupendeza vikakosa pa kwenda, na kiatu laini kikawa cha kila saa. Crocs ilitoa bure mamia ya maelfu ya jozi kwa wafanyakazi wa afya wa Marekani. Mauzo ya mwaka huo yalifika karibu dola bilioni 1.4, na mwaka 2021 yakapanda kwa asilimia 67 hadi bilioni 2.3. Aprili 2021 mwanamuziki Questlove alikwenda kwenye tuzo za Oscar akiwa na Crocs za dhahabu.

Ni rahisi kusema janga lilifanya kila kitu. Raha ya mguu lilieleza, sawa. Halielezi kwa nini watu waliokuwa peke yao chumbani, wasioonwa na yeyote, walinunua vipambo.

Upweke na kumbukumbu

Hapa utafiti unasaidia. Hamu ya kale (kwa Kiingereza nostalgia) ilipopewa jina la kitabibu mwaka 1688 na Johannes Hofer, ilihesabiwa ugonjwa: aliueleza kama maradhi ya Waswisi waliokuwa mbali na kwao. Kwa karne nyingi mtu aliyependa ya zamani alionekana dhaifu. Mwaka 2006, mwaka uleule Jibbitz iliponunuliwa, wanasaikolojia Tim Wildschut, Constantine Sedikides na wenzao walichapisha uchunguzi uliogeuza picha hiyo. Waligundua kwamba watu huingiwa na hamu ya kale hasa wakiwa na huzuni au upweke, kwamba katika kumbukumbu hizo mhusika mkuu ni wao wenyewe lakini karibu kila mara yupo pamoja na watu wake wa karibu, na kwamba baada ya kukumbuka hujihisi wamezungukwa na watu zaidi na hujithamini zaidi.

Ukisoma hayo, vipambo vya 2020 vinaeleweka. Mtu aliyefungiwa ndani hakununua picha ya bata. Alinunua mwaliko wa kurudi pale alipokuwa sakafuni na dada yake, kopo likiwa katikati yao, wakigombania bata. Kumbukumbu ya namna hiyo ina watu ndani yake, na ina mikono inayofanya kitu. Ndiyo maana nasisitiza kitendo. Bata aliyechapwa kwenye fulana anaonekana tu; bata anayechomoka anaweza kugombaniwa.

Naona pia kwa nini vipambo hivi huzaa mazungumzo na wasiojuana. Mtu akiona pambo moja lililonunuliwa zima, anaweza kusifu, na maneno yakaisha. Akiona vipande saba vilivyochaguliwa, ataulizia kimoja: huyu dinosaria anatafuta nini karibu na kikombe cha chai? Mvaaji ana jibu, kwa sababu yeye ndiye aliyewaweka pamoja.

Mahali kinapoharibika

Sina budi kuwa mkali kidogo. Kadiri biashara ilivyokua, ndivyo pakiti zilivyoongezeka: vipambo vitano vya mada moja, kumi vya filamu moja, jozi nzima imeshajazwa kiwandani. Wahusika wa Disney waliingia mapema, na baada yao karibu kila kampuni yenye katuni. Sina tatizo na mhusika mmoja ambaye mtu anampenda. Tatizo ni seti. Seti inafuta uchaguzi. Unamkuta mtu ana matundu 26 yote ya mada ileile, na ukiwaona wawili wamevaa seti moja huwezi kuwatofautisha. Pambo la kujieleza limegeuka sare. Ni upotevu, kwa sababu kiatu kilikuwa kimempa nafasi 26 za kusema jambo lake.

La pili ni la usalama, na nalisema kwa uzito wake. Vitu hivi vinafanana na vitu vya kuchezea vya watoto wachanga, na havipaswi kabisa kuwa mikononi mwao. Marekani hupima vitu vidogo kwa silinda yenye upana wa takribani milimita 32. Kinachoingia mzima humo hakiruhusiwi kwenye bidhaa za watoto walio chini ya miaka 3, maana kinaweza kuziba koo. Kipambo cha tundu la kiatu huingia bila shida. Mtu mzima anayeviacha kwenye bakuli la mezani kwa ajili ya uzuri wa rangi, na nyumbani kuna mtoto anayetambaa, avipandishe juu.

La tatu ni plastiki yenyewe. PVC haiozi. Vipambo vilivyotengenezwa vibaya na waigaji huchuja rangi na kuvunjika shingoni, na kilichovunjika shingoni hakina tiba. Hapa kununua kidogo na kubadilishana sana kunafaa zaidi kuliko kununua pakiti, kwa mfuko wa mtu na kwa dunia pia.

Kipimo hiki kwenye mapambo mengine

Nikishakuwa na wazo la tundu, naona mapambo mengine kwa jicho tofauti. Chukua Tatty Devine, kampuni ya mapambo ya London, iliyoanzishwa mwaka 1999 na Harriet Vine na Rosie Wolfenden. Wanakata akriliki, plastiki ngumu ya rangi, kwa leza. Mkufu wao wa jina humwachia mteja aamue herufi na rangi, na mkufu wao wa mifupa ya dinosaria umeungwa kiungo kwa kiungo, hivyo unacheza shingoni mvaaji anapogeuka. Vyote viwili ni vikubwa, vya rangi, vya kuchekesha, na vyote vimeacha kitu kiendelee kutokea baada ya kununuliwa. Ndiyo maana havijachakaa machoni pa watu.

Au chukua Labubu, yule mwanasesere mwenye masikio marefu na meno, aliyebuniwa na msanii Kasing Lung mwaka 2015 na kuuzwa na kampuni ya Pop Mart tangu 2019. Kuanzia 2024, mwimbaji Lisa wa kundi la Blackpink la Korea Kusini alipoonekana naye, watu wazima wamemning'iniza kwenye mikoba ya gharama kubwa. Mchezo wake mkuu uko kwenye boksi lililofungwa: hujui umepata nani hadi ufungue. Ni msisimko wa kweli, lakini ni wa dakika moja, na kisha mwanasesere ananing'inia tu. Waliomtendea haki ni wale wanaomshonea nguo, wanaombadilisha viatu na kumfungia kitambaa kipya kila msimu. Wamejitengenezea tundu pale ambapo kiwanda hakikuweka. Wengine, wasiwasi wangu ni kwamba watachoka naye.

Kwa anayebuni hereni za maua makubwa, mikufu ya shanga za plastiki au mikoba ya rangi, ningeuliza swali moja tu mbele ya meza yake ya kazi: mteja akifika nazo nyumbani, amebakiwa na nini cha kufanya? Kishikizo kinachofunguka, shanga zinazotoka kwenye uzi, hereni mbili zisizofanana ambazo mtu anaweza kuzioanisha na nyingine mbili, pini inayohama kutoka kola hadi kofia. Hayo hayaongezi gharama kubwa, ila yanahitaji mbunifu akubali kutomaliza kazi yake.

Na kwa anayetaka kuvaa, akiwa bado ana wasiwasi: asianze na 26. Crocs ina sandali zenye matundu machache, na hizo zinatosha kabisa kuanzia. Kwenye kiatu cha kawaida, vipambo vitatu mguu mmoja na viwili mwingine, visivyolingana, vinasomeka vizuri kuliko ukuta wa rangi. Kimoja kiwe cha kitu alichokipenda kweli akiwa mdogo, hata kama hakina umaarufu wowote na hakuna seti inayokiuza. Kama hakipo dukani, kifungo cha zamani chenye shina la nyuma na mpira mdogo wa kukizuia kwa ndani hufanya kazi ileile, sawa na maua ya kitambaa ya siku ile ya Boulder. Matundu yaliyobaki ayaache wazi, yaingize hewa.